Vitambaa Vyeupe Juu ya Ufa

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Nilifundisha jiografia kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo walioandikiwa "vizuri sana" kwa mkono wangu hawafiki ishirini. Wengine bado wananinunia tukikutana sokoni. Kwa hiyo nikisema kwamba Rahema binti Sulemani anaijua kazi yake, nisikilizwe.

Alikuja hapa Kibugu mara ya kwanza mwaka juzi, mwezi wa nne, kwa sababu ya ufa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa bila kupumzika, na mtu aliyepanda kuchuma majani chai asubuhi moja akakuta ardhi imepasuka katikati ya shamba. Mkono ulipita humo hadi kwenye kiwiko. Urefu wake ulikuwa kama uwanja wa mpira. Chini ya ufa huo kuna nyumba kumi na moja, na ya kwanza kabisa, ile iliyoegemea mteremko, ni ya ndugu yangu mdogo, Nyamu.

Tulitaka kujua jambo moja tu: mlima unatembea au umetulia? Kama unatembea, watu watoke. Kama umetulia, watu walale. Nyamu alikuwa ameshatoa jibu lake kabla ya mtu yeyote kupima.

"Mimi siendi mahali," aliniambia. "Baba alijenga hapa, akazikwa hapa, na hiyo mlima haijawahi kumsumbua."

Nyamu ni mbishi tangu tumboni. Tulipokuwa wadogo aliwahi kukataa kushuka kwenye mti siku nzima kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ashuke. Ana mke na watoto wawili na ng'ombe watatu, na wote walikuwa wanalala chini ya ubishi huo. Niliogopa, nasema wazi. Nilikuwa nikiamka asubuhi, kitu cha kwanza ninatazama juu kuhakikisha bati lake bado linaonekana.

Chifu ndiye aliyesikia kwamba Embu mjini kuna msichana anayepima ardhi kwa droni, akampigia simu.

Nilitarajia mtu wa maneno mengi na miwani ya jua. Akashuka kwenye pikipiki mwanamke mfupi wa miaka ishirini na saba hivi, mtandio kichwani, gambuti miguuni, na sanduku jeusi mgongoni. Alisalimia wazee kwanza, mmoja mmoja, kisha akauliza ufa uko wapi.

Yeye ni mzaliwa wa Majengo, Embu. Baba yake, Sulemani, ana bucha, na Rahema alikulia nyuma ya bucha hiyo. Juu ya bucha daima kuna mwewe. Sulemani aliwafukuza kwa fimbo maisha yake yote, maana mwewe akikuona umegeuka anachukua kipande na kwenda. Lakini binti yake alikuwa akikaa juu ya ndoo na kuwatazama. Aliniambia kwamba kilichomsumbua ni kwamba hawapigi mabawa. Ndege anazunguka robo saa, anapanda, anashuka, anakata kona, na mabawa yametulia. Akiwa darasa la sita alishajua, bila kufundishwa na mtu, kwamba bati la soko likipata joto hewa hupanda, na mwewe huingia katika hewa hiyo na kubebwa. Mimi niliifundisha mada hiyo kidato cha tatu, na nusu ya darasa walilala.

Alisomea upimaji wa ardhi katika chuo cha Nchiru. Huko, mpiga picha za harusi alikuwa ameangusha droni yake kwenye mkaratusi, na Rahema akaitengeneza kwa mapatano kwamba siku zisizo na harusi ataitumia yeye. Hivyo ndivyo alivyojifunza kurusha. Baadaye alifanya mtihani wa leseni ya urubani wa droni, akapita, na cheti kikatundikwa ndani ya bucha, juu ya mizani. Mteja akienda kununua maini lazima akisome.

Siku ile ya kwanza alipanda hadi kwenye ufa na vitambaa saba vyeupe. Vilikuwa vipande vya shuka, kila kimoja karibu mita moja kwa kila upande. Vinne alivitandaza chini, penye mwamba, karibu na kanisa na banda la kupimia majani, mahali ambapo ardhi haina wasiwasi. Vitatu alivitandaza juu, kandokando ya ufa, pale tulipokuwa tunaogopa. Akavifunga kwa vijiti pembeni. Kisha akasimamisha juu ya kila kimoja kifaa chenye kichwa kama sufuria iliyofunikwa, akisubiri dakika kadhaa.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikamwendea nimpe mtihani. Nilimwuliza hiyo sufuria inaongea na nani.

"Inasikiliza tu, Mwalimu," alisema. "Huko juu, kilomita elfu ishirini, kuna setilaiti. Kila moja inatangaza ikiwa wapi na ni saa ngapi. Sauti ya kila moja inachelewa kidogo kufika, hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haiishi. Ukijua imechelewa kiasi gani, unajua iko mbali kiasi gani. Ukisikia nne, unajua umesimama wapi."

"Kwa hivyo yote ni saa."

"Yote ni saa. Na hizo saa za juu zinakimbia kuliko zetu. Kitu kikiwa mbali na uzito wa dunia, wakati wake unaenda haraka. Zile mbio zao zinapunguza kidogo, lakini bado kwa siku zinatangulia sehemu thelathini na nane za milioni ya sekunde. Zisiporekebishwa, kufikia kesho hii mashine ingesema niko kilomita kumi kutoka hapa."

Nilikaa kimya, jambo ambalo mke wangu hakuliamini nilipomsimulia baadaye. Nilikuwa nimefundisha setilaiti tangu mwaka wa themanini na tisa kwa mchoro mmoja wa chaki, na hakuna kitabu kilichoniambia kwamba wakati wenyewe haufanani kila mahali. Rahema akaona nimeduwaa, akaongeza kwamba hata saa ya Kibugu inakimbia kuliko ya Mombasa kwa kuwa tuko juu, ila ni kidogo mno. Nikamwambia ndiyo maana watu wa huku tunazeeka haraka. Alicheka, na tangu hapo tukawa marafiki.

Alinieleza pia kwamba kuna setilaiti nyingine zenye rada, zinapita kila baada ya siku chache, zinaona kupitia mawingu, na zinaweza kugundua ardhi iliyosogea kwa unene wa kucha. Ila mahali pa majani mengi kama kwetu zinachanganyikiwa, kwa sababu majani hayatulii. Ndiyo maana alihitaji vitambaa na droni. Mpango wake ulikuwa mwepesi: apige picha leo, arudi baada ya wiki mbili apige tena, na alinganishe. Vitambaa vya chini vitabaki palepale. Vya juu vikiwa vimesogea, mlima umesogea navyo.

Droni ikapanda, ikaenda na kurudi juu ya mteremko kama mtu anayelima matuta, ikapiga picha mia nne. Wanawake waliacha kuchuma wakaangalia juu. Nyamu peke yake alijifanya hana habari, akaendelea kumkamua ng'ombe aliyekuwa ameshamkamua.

Sasa nifike mahali panaponiaibisha. Wakati Rahema anatandaza vitambaa vyake, nilisimama mbele ya kijiji na kueleza, kwa sauti ya darasani, kwamba ni alama za kisayansi na asiguse mtu. Nilimweleza chifu, nikawaeleza wachumaji, nikawaeleza hata watu wa pikipiki. Mke wangu Caroline alikuwa Runyenjes kwa dada yake siku hizo. Aliporudi, siku nne kabla ya Rahema kurejea, nilimsimulia habari za saa zinazokimbia, na ubishi wa Nyamu. Habari za vitambaa sikumwambia.

Rahema alirudi baada ya wiki mbili kama alivyoahidi. Sufuria yake ya kusikilizia ilikuwa ya kuazima, ya mhadhiri wake wa Nchiru aitwaye Kiogora, na wiki hiyo ilikuwa na wanafunzi. Hilo halikumtisha, kwani mahali pa kila kitambaa alikuwa ameshapaandika. Njia ya kupanda ilikuwa tope tupu, kwa hiyo alirusha droni kutoka uwanja wa kanisa bila kwenda juu.

Mchana huo Caroline alitaka kumchinjia kuku. Akakumbuka kwamba mgeni ni Mwislamu, akabaki amemshika kuku mkononi, hajui afanye nini. Rahema akaomba kisu, akamwelekeza kuku kibla, akasema bismillahi, akamaliza kwa mara moja. Caroline alimpenda hapohapo. Aliniambia jikoni kwamba msichana yule ana mkono usiotetemeka.

Tulikula, kisha akafungua kompyuta yake mezani petu. Ilichukua saa tatu kushona zile picha. Nilimwona akisogeza uso karibu na kioo, akirudia hesabu, akirudia tena. Alipoinua kichwa hakuwa na utani.

"Mwalimu, niitie chifu. Vitambaa vyote vitatu vimeshuka mita nne."

Mita nne ni mlima unaokuja nyumbani. Kufikia jioni baraza lilikuwa limekaa, Rahema akaonyesha picha zake na watu wakaanza kubeba magodoro. Familia kumi zikaingia kanisani. Watoto walilia, mbuzi walifungwa kwenye nguzo za mimbari, na mzee mmoja alibebwa na kiti chake. Nyamu hakutoka. Alisimama mbele ya baraza, mikono mfukoni, akamtazama Rahema.

"Msichana, nimekusikia. Lakini kuna mparachichi nyuma ya jikoni yangu. Huo mti nilipanda mimi. Hiyo mlima ikisogea mita nne, si huo mti ungekuwa sasa uko jikoni?"

Watu walimzomea. Mimi nilimwita mjinga mbele ya wote, ndugu yangu wa tumbo moja. Rahema hakumzomea. Nilimwona akiandika kitu kidogo kwenye karatasi, na nikagundua baadaye kwamba aliandika: mparachichi.

Asubuhi alikuwa mezani kwangu kabla chai haijachemka. Alikuwa ameulinganisha mti wa Nyamu katika picha za kwanza na za pili. Haukuwa umesogea mita nne wala nusu yake. Mistari ya majani chai iliyopita kando ya vitambaa pia ilikuwa karibu palepale. Vitambaa vimekimbia, shamba limebaki.

"Kuna kitu kingine," alisema, akanigeuzia kompyuta. "Angalia hivi vya chini. Vimechafuka, si ndiyo? Wiki mbili za mvua na tope la barabara. Sasa angalia hivi vya juu."

Vya juu vilikuwa vyeupe. Vilikuwa vyeupe kuliko siku alipovitandaza.

Caroline alikuwa anamimina chai nyuma yetu. Aliinama kutazama, kisha akasema kwa furaha, "Eh, kumbe unaweza kuona hata hizo nguo? Zilitakata vizuri."

Tuligeuka wote wawili.

Hapa lazima nimweleze asiyetujua. Kibugu, wingu la kutoka mlimani halibishi hodi. Likishuka, mtu yeyote anayepita hukimbia na kuanua kilichoanikwa, kiwe cha yeyote yule: mahindi, maharagwe, blanketi la mtoto. Huulizi. Ukiacha nguo ya jirani inyeshewe huku unaiona, utasemwa kanisani mpaka uzee. Caroline alikuwa anatoka kuchuma majani siku ya pili tangu arudi kutoka Runyenjes, wingu likashuka, akaona shuka tatu zimeanikwa juu ya tope na hakuna mtu. Akaanua.

"Nikaona zina matope," alisema, na sauti ikaanza kupungua. "Nikasema siwezi kurudisha nguo ya mtu hivyo. Nikafua. Nikapiga pasi. Kesho yake nikarudisha, lakini pale zilikuwa palikuwa pachafu, nikashuka hatua chache hivi penye nyasi safi. Nikafunga na vile vijiti vyake. Mwanangu, nilidhani kuna mtu amezianika."

Nilifungua mdomo nimfokee, na hapo nikakumbuka nani alikieleza kijiji kizima na kuisahau nyumba yake. Nikaufunga. Caroline aliketi, akajifunika uso kwa aproni. Kanisani kulikuwa na watu zaidi ya hamsini wamelala sakafuni kwa ajili ya sabuni na pasi ya makaa.

Nilimwambia Rahema tungeweza kunyamaza. Naungama hili pia. Nilisema tuwaambie watu mlima umetulia sasa, warudi polepole, na jina lake lisiharibike. Yeye ndiyo kwanza anaanza, na Embu ni ndogo. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyenakili.

"Baba yangu siku moja aligundua mizani imepinda tangu asubuhi," alisema. "Alitembea Majengo yote, nyumba kwa nyumba, na nyama kwenye beseni, akiongezea kila mtu kipande chake. Watu walicheka siku moja. Halafu wakawa hawanunui kwingine. Kosa ni langu, Mwalimu. Ningepanda nikavione kwa macho. Niliogopa tope."

Kisha akamsogelea Caroline, akamshika mkono, akamwambia, "Mama, wewe ulifanya vile mama yangu angefanya. Lakini sasa nipe saa mbili, kwa sababu bado sijajua mlima unafanya nini."

Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Safari hii aliviacha vile vitambaa vitatu kabisa. Alishikilia vinne vya chini, ambavyo hakuna aliyevigusa, na juu akatafuta vitu visivyoweza kufuliwa na mke wangu: kisiki, mawe makubwa matatu, nguzo ya ua, mashina ya majani chai. Akavipima kimoja kimoja katika picha za kwanza na za pili. Sehemu kubwa ya mteremko haikuwa imesogea. Nyumba kumi ziko nyuma ya mgongo wa mwamba, na mwamba ule haukuwa umetikisika. Lakini upande wa kushoto, ulimi mmoja wa ardhi ulikuwa umeshuka sentimita thelathini na moja kwa wiki mbili, na ulimi huo ulikuwa unaelekea mahali pamoja.

Sikuhitaji kuuliza ni wapi. Lile bati nililokuwa nikiliangalia kila asubuhi lilikuwa katikati ya picha.

Baraza likaitwa tena, saa tano asubuhi. Rahema alisimama bila kompyuta, akasema, "Jana niliwaambia mita nne. Nilikosea. Vitambaa vyangu vilihamishwa kwa nia njema na sikuenda kuangalia. Kosa ni langu, na mnisamehe." Hakumtaja Caroline. Caroline akasimama mwenyewe, akasema, "Ni mimi nilianua." Mtu mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka kanisa lote, maana hakukuwa na mwanamke humo ambaye asingefanya vivyo hivyo. Rahema akangoja waishe. Akawaambia nyumba kumi zirudi, ila siku za mvua kubwa wakae macho. Akasema moja itoke leo.

Nyamu alikuwa amesimama mlangoni. Nilijua uso ule. Alikuwa ameshinda, na mtu aliyeshinda hasikii.

"Jana mita nne," alisema. "Leo sentimita thelathini. Kesho utaniambia kidole. Mimi nitahama kwa sababu gani?"

Hakuna aliyemzomea safari hii. Hilo ndilo lililonitisha. Niliona watu wakitikisa vichwa kukubaliana naye, na nikaelewa kwamba ndugu yangu atarudi chini ya mlima ule na hakuna mtu atakayemtoa.

Rahema akachukua kompyuta yake, akaenda mlangoni, akamwonyesha picha.

"Mzee, hii laini nyeusi ni nini?"

"Bomba langu la maji. Linatoka kwa kisiki huko juu, linaingia kwa tanki."

"Siku ya kwanza limenyooka. Siku ya pili pia limenyooka."

"Sasa?"

"Kisiki kimekaribia tanki sentimita thelathini na moja. Bomba lilifaa lilegee, lipinde kama kamba. Halijalegea. Ulilifanya nini?"

Nyamu akaisogelea picha. "Lilirefuka," alisema. "Hiyo plastiki jua huirefusha. Lilikuwa limepinda linachomoka kwa tanki, nikakata kipande."

"Jua gani, mzee? Tangu mwezi uanze tumeona jua?"

Nyamu alitazama nje, kwenye wingu.

"Hicho kipande kiko wapi?"

Nyamu hatupi kitu. Ana stoo imejaa misumari iliyopinda na vifuniko vya mikebe isiyokuwepo. Alipanda kwenda kwake, na sisi sote nyuma yake, baraza zima na watoto na chifu. Aliingia stoo, akatoka na kipande cha bomba jeusi. Rahema akampa rula yake, hakukigusa. Nyamu alikipima mwenyewe, juu ya goti, mbele ya watu.

Kilikuwa sentimita thelathini na tatu. Alikipima tena kutoka upande wa pili. Kisha akainua macho, akatazama kisiki huko juu, akashusha macho kwenye tanki, na akabaki ameshika kile kipande cha bomba kwa mikono miwili. Nilimwona ndugu yangu akiogopa kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Nilitaka kumkumbatia, lakini hatukulelewa hivyo, nikamwambia tu, "Ng'ombe waje kwangu."

"Waje," alisema.

Alihama mchana huohuo. Watu walewale waliobeba magodoro yao kurudi nyumbani walibeba ya kwake. Tulitoa vitanda, sufuria, mashine ya cherehani ya mkewe, hata milango. Siku tatu alikaa kwangu akilalamika kwamba chai ya Caroline ina majani machache. Siku ya nne, Alhamisi, saa nne asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya kupima majani, tulisikia kitu kama lori linalomwaga kokoto, likimwaga bila kumaliza. Nilitazama juu, na bati halikuwepo. Jikoni, zizi, nyumba, tanki na mparachichi vyote vilikuwa chini ya udongo mwekundu. Ulimi ulikuwa umefika kwenye mgongo wa mwamba na kusimama, pale Rahema aliposema, na nyumba kumi zilikuwa zimesimama upande wa pili, moshi wa chai ukitoka jikoni.

Hakuna aliyekufa. Hata kuku. Nyamu alisimama pembeni yangu, na alichosema ni, "Kaburi la baba limebaki." Kisha akalia, na mimi nikalia, na foleni yote ikageuka upande mwingine ili tupate nafasi.

Siku hizi Rahema huja Kibugu kila baada ya mvua ya masika na ya vuli. Amefundisha vijana wetu wawili kusoma picha zake, na vituo vya kudumu amevichora kwa chokaa juu ya mawe. Nyamu amejenga upande wetu, nyuma ya mwamba. Kile kipande cha bomba kimepigiliwa misumari juu ya mlango wake, na mgeni haruhusiwi kunywa chai kabla ya kukipima.

Mwezi uliopita Rahema alikuja kupima kovu la maporomoko. Udongo pale bado ni laini, hauna jiwe la kuchora, kwa hiyo alitandaza vitambaa tena, vitatu, vipya, vyeupe. Mimi na Caroline tulikuwa tumesimama kando tukiangalia droni ikienda na kurudi. Wingu likashuka. Matone makubwa yakaanza kuanguka juu ya shuka zile, na tope likaanza kurukia pembeni, madoa madoa. Caroline aliweka mikono nyuma. Nilisikia vidole vyake vikishikana. Alivumilia dakika moja, labda mbili, macho hayatoki kwenye vile vitambaa.

"Misheck," alisema, "twende nyumbani kabla sijavianua."

Nikamshika mkono, tukaenda.